Miaka 50 ya taji lisilopima sura

Tahariri hii haina mapenzi makubwa na mashindano ya urembo. Hata hivyo, mwaka 2022 shindano la Ms. Wheelchair America lilitimiza miaka 50, nasi wa kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya tunalipigia vigelegele.

Lilianzishwa mwaka 1972 huko Ohio, Marekani, na daktari Philip K. Wood. Wazo lake lilikuwa na ukaidi ndani yake: wanawake wanaotumia viti vya magurudumu wavishwe taji, ila asiwepo wa kuwapima kiuno wala sura. Majaji huwahoji, huwasikiliza wakihutubia, na hutazama walichokifanya maishani tangu walipopata ulemavu. Anayeshinda hukabidhiwa kazi ya mwaka mzima ya kuwasemea wenzake.

Tuangalie mfuatano wa miaka. Sheria kuu ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1990. Jukwaa, basi, liliitangulia sheria kwa miaka 18. Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha, na Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kikaongeza uzito. Karatasi tunazo. Wanaosikika wakidai haki zilizomo ndio wachache.

Wala si kwamba watu hawapo. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoongoza, kwa asilimia 4.1. Ingia katika vikundi vyetu vya mwethya, vya kusaidiana kazi: mama ambaye hawezi kushuka shambani kuchimba matuta utamkuta ameshika daftari la michango, au anasuka kyondo kitakacholipa karo ya mtoto. Mafanikio ya namna hii hayajapata kuimbiwa wathi. Hata Anne Wafula Strike, mzaliwa wa upande wa Webuye aliyeugua polio utotoni, alishiriki mbio za viti vya magurudumu katika Paralimpiki za Athens mwaka 2004, na nishani yake ya MBE akapewa na Uingereza. Heko kwao Waingereza, lakini inauma kidogo.

Kitui, iliyomchagua Charity Ngilu mwaka 2017 kuwa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini, haiwezi kusema haijazoea kumwona mwanamke mbele. Kaunti hizi mbili ziandae shindano lao kwa pamoja, kwa zamu, mwaka mmoja katika mji wa Wote, Makueni, na unaofuata Kitui mjini. Faida yake ya kwanza itaonekana kabla taji halijatolewa, kwa kuwa kumwalika mshiriki ni kuukagua mji. Ukumbi una njia ya mteremko, au kuna vijana wanne wa kumbeba kama gunia? Mlango wa choo unapitisha kiti? Na matatu itakayomleta kutoka Mutomo, kupitia barabara ya mchanga, itakitoza kiti chake nauli ya mzigo?

Maswali hayo yapelekwe kwa maofisa wa kaunti zote mbili kabla bajeti haijafungwa, na nauli ya washiriki iwe ya kwanza kuandikwa humo.