Mkulima aliyetoweka kwenye filamu zetu
KATIKA soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkulima ndiye anayelisha miji. Katika filamu zetu nyingi ni mshamba wa kuchekwa.

Haikuwa hivyo miaka ya 1970, Kampuni ya Filamu Tanzania ilipotoa “Fimbo ya Mnyonge”. Yombayomba, mwanakijiji aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, anaishia kuukubali ujamaa. Propaganda, naam, lakini mkulima ndiye mhusika mkuu.

Wapunjabi hawakumwacha wa kwao. Maula Jatt, mbabe wa kijijini aliyeigizwa na Sultan Rahi mwaka 1979, alirejea mwaka 2022 katika filamu iliyovunja rekodi ya mapato nchini Pakistani. Huyu hahubiri, analipa kisasi.

Watunzi wetu wakitafuta dhuluma ya kulipiwa, lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo kwa bei ileile, ingetosha kuanzia.