Mnamcheka Shosho, Lakini Mwenye Siri Ni Yeye

Wasee, nikisema "riwaya ya kijasusi" najua mnaona nini: jamaa wa suti, bastola kwapani, gari la bei ya nyumba. Poa, huyo mbaki naye. Jasusi wangu mimi ni mjane wa miaka sitini na kitu kutoka New Jersey, Marekani, anayevaa kofia za ajabu na kulea maua ya jerania. Anaitwa Emily Pollifax. Aliyemtunga ni Dorothy Gilman, na kitabu cha kwanza, The Unexpected Mrs. Pollifax, kilitoka 1966. Viko 14, cha mwisho ni cha 2000.

Kila nikivitaja naambiwa, "Aah, si hizo ni za kuchekesha tu?" Ndiyo, zinachekesha sana. Lakini ukisoma, jiulize anayechekwa ni nani.

Cheki vile inaanza. Mumewe ameshafariki, watoto wana maisha yao mbali, na siku zake zimejaa vikao vya kujitolea ambavyo havimgusi moyo. Kuna siku yuko juu ya paa, penye maua yake, anajikuta karibu sana na ukingo. Hapo hakuna kicheko. Daktari anamuuliza kama hakuna kitu aliwahi kutamani kufanya. Kipo: tangu utotoni alitaka kuwa jasusi. Basi anafunga safari mpaka makao makuu ya CIA kule Langley, anaomba kazi. Hivyo tu, kama mtu anayeingia dukani kuuliza bei ya unga.

Wakubwa wanamchanganya na mtu mwingine, wanamtuma Mexico City kuchukua kitu kwenye duka la vitabu, akirudi na wenzake watalii hakuna atakayemshuku. Kazi ya siku moja. Mambo yanaharibika, na mama wa watu anajipata mateka huko milima ya Albania.

Hapa ndipo nampea Gilman heshima zake. Hakumgeuza shosho akawa komando. Karate anakuja kujifunza vitabu vya mbele, lakini kule Albania silaha zake ni zile amekuwa nazo siku zote. Anacheza karata peke yake, anasikiliza, anauliza maswali kwa adabu, na mlinzi akilalamika mgongo unauma, anamkanda. Wale wanaume wanaona mama tu. Hawaoni kwamba anawasoma. Kila anayemdharau analipia dharau hiyo kurasa chache mbele, na hapo ndipo unacheka, ukiwa upande wake.

Sasa turudi kwa video zetu hapa nyumbani. Kijana amefunga leso kichwani, ameshika bakora, sauti inatetemeka. Shosho ameshika simu juu chini. Shosho anapigia kelele televisheni. Mwisho. Watu wanaweka emoji za kucheka, kesho inarudiwa. Buda, shosho ninayemjua mimi ni mwekahazina wa chama, anajua nani ana deni la nani kijiji kizima, na ukifika nyumbani kwake anajua umefukuzwa kazi kabla hujakaa chini. Huyo ndiye mhusika. Kumfanya asielewe chochote ni uvivu wa kuandika, nasema wazi.

Na hadithi za hivi hatuhitaji kuagiza kutoka Marekani. Wakati wa Mau Mau, wanawake walipeleka chakula na habari kwa wapiganaji wa msituni, na mara nyingi askari aliyewasimamisha aliona mama na kiondo chake tu. Hiyo filamu iko wapi? Pollifax amefanyiwa mbili, moja ya 1971 na Rosalind Russell, nyingine ya televisheni, 1999, na Angela Lansbury akiwa na miaka 73. Hakuna aliyemwambia Lansbury apishe vijana.

Sio ati vitabu vyenyewe havina makosa. Nchi za watu mara nyingi zinaonekana kupitia dirisha la gari la watalii, na kile cha Zambia, Mrs. Pollifax on Safari, kilinikera kidogo kwa hilo. Baadaye Gilman akabuni nchi nzima ya Kiafrika akaiita Ubangiba. Ubangiba, manze! Lakini ni huko huko safarini Zambia ambapo mama anakutana na Cyrus Reed, jaji mstaafu, wanapendana, na baadaye wanaoana. Mapenzi ya watu wazima, na mwandishi hawafanyi kichekesho hata mara moja. Nitajie hadithi moja ya kwetu ambapo shosho anatongozwa vizuri hivyo. Nangoja.

Ukitaka kuanza, anza na kile cha 1966. Cha Zambia kiache mpaka umpende kwanza.