BOSI, KAZI YA NYUMBANI SI LIKIZO!

Leo simzungumzii nani kaachana na nani. Leo naongea na mabosi wa mjini. Kama bosi wako hapiti humu, mtumie tu asome.

Kuna kampuni moja ya mambo ya watalii hapa Unguja, jina kapuni. Vijana wake wa kujibu wateja mtandaoni siku mbili wanaingia ofisini, siku tatu wanafanyia kazi nyumbani. Safi. Lakini bosi anataka kila nusu saa utume picha kwenye grupu la WhatsApp umekaa mbele ya kompyuta. Ukichelewa dakika tano, simu inaita. Na bando unajinunulia mwenyewe! Hapo ofisi imehamia chumbani kwako, na kodi unalipa wewe.

Mabosi wamehamisha watu, akili wameiacha ofisini. Bado wanahesabu viti.

Na sisi Wazanzibari kazi ya nyumbani hatukuanza na Korona 2020. Kofia za viua zinashonwa majumbani miaka nenda miaka rudi. Anayekuagiza kofia haulizi umeamka saa ngapi. Mnakubaliana bei na siku, kisha anaangalia kofia: vitundu vimelingana au havikulingana? Basi.

Kwa hiyo mabosi, mambo matatu.

Kwanza, bando litoke kwenye kampuni. Na umeme ukikatika uwepo mpango unaojulikana, si kukatana mishahara. Kisiwa hiki kilikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ikaharibika, Tanzania nzima mtandao ukawa wa kusuasua. Hayo kayataka mfanyakazi?

Pili, kubalianeni saa za kupatikana. Tuseme saa tatu mpaka saa sita mchana simu ikiita upokee, zilizobaki mtu ajipange mwenyewe mradi kazi ifike. Nyumba zetu mnazijua. Ukionekana ndani saa nne asubuhi, wewe huna kazi, "hebu nendee Darajani mara moja." Kwa dada zetu ndiyo balaa zaidi, kompyuta huku, sufuria kule. Na kuna mama ana mtoto mchanga, ukimwambia arudi ofisini siku zote tano ndiyo mwisho wa ajira yake. Mtu mzuri unampoteza kwa sababu ya kiti!

Tatu, siku za ofisini ziwe za kuonana. Usimpandishe mtu daladala kutoka Nungwi aje akae kimya na hedfoni masikioni. Kaeni kama barazani, muongee, wapya wafundishwe. Na cheo asipewe yule anayeonekana kila siku tu, kapewe aliyefanya kazi.

Mwaka 2022 Serikali ilizindua Silicon Zanzibar kuvuta kampuni za teknolojia zije kwetu. Vizuri sana. Lakini mgeni akifanya kazi ya London yuko Paje na kaptula tunamuona mjanja. Mtoto wa Mwembeladu akifanya kazi ya Mji Mkongwe yuko kwao, anaitwa mvivu. Kwa nini?

Mabosi, hesabuni kofia, viti viacheni.

Haya wadau, wa kwako ni bosi wa viti au bosi wa kofia? Tiririka hapo chini, majina tu usitaje.