Msonobari wa Krismasi si mtaji wa Liuli

KILA ifikapo Novemba swali huwa ni lile lile: mwenye ekari chache Mbinga au kule Liuli hawezi kupanda miti ya Krismasi ya Wazungu akauza kwa bei nzuri? Maoni ya ukurasa huu ni kwamba fedha zako usiziweke huko.

Mti unaosifiwa zaidi ni msonobari wa Fraser (Abies fraseri) wa milima ya Appalachia, Marekani. Kwao huota kuanzia kama mita 1,200 kwenda juu, penye theluji. Wafanyabiashara wanaupenda kwa sababu ukishakatwa sindano zake hazipukutiki upesi, hivyo unasafiri mbali. Wakulima wa North Carolina wanaishi kwa mti huo. Lakini nao hungoja miaka 7 hadi 10 kabla ya kuuza, wakiupogoa kila mwaka upate umbo, huku ugonjwa wa kuoza mizizi ukiwanyemelea.

Sasa piga hesabu. Tuseme una 1,000,000/- na mahali pengine zingekuzalia asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka 8 ungekuwa na zaidi ya 2,140,000/-. Msonobari lazima uzidi hapo, na unauzwa wiki tatu tu kwa mwaka!

Liuli iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto lake linajulikana. Kupanda msonobari huo pale ni kutupa fedha ziwani. Milimani Umatengo kuna ubaridi, ila hakuna theluji, na ardhi ile ina kahawa inayoanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Nani atang'oa kahawa?

Wanunuzi wapo, hatukatai. Liuli ni kituo cha Waanglikana tangu enzi za UMCA na Krismasi husherehekewa. Lakini kwa wengi tawi la saiprasi linatosha, na mwenye uwezo hununua mti wa plastiki kutoka China, akaukunja na kuutumia tena mwakani. Mshindani wa namna hiyo humwezi kwa bei.

Penye senti kidogo ni kwa mwenye shamba la mbao. Saiprasi na misindano hupandwa kwa kubanana, kisha hupunguzwa ili inayobaki inenepe. Ile ya kupunguza ingekuwa kuni. Ikikatwa Desemba inauzika kama mti wa sikukuu, na shamba linabaki. Tatizo ni tamaa ya kukata hata ile ya mbao ikiwa michanga. Mchuuzi naye apate kwanza kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, asije akapoteza faida yote kizuizini.

Atakayeteremsha mzigo kupitia Mbamba Bay hadi Liuli ahesabu pia gari litarudi na nini. Dagaa wa ziwani wana wanunuzi Mbinga hata baada ya tarehe 25.