Hesabu Kwanza, Kisha Mashini

Mwezi huu ninataka kuzungumza nanyi juu ya kufula nguo. Usicheke, ndugu. Nguo zilikula makuta ya masomo ya binti yangu, na kosa lilikuwa langu mimi.

Bibi yangu alikuwa ametoka kuzaa mtoto wetu wa tano, na mgongo ulimuuma sana. Kila siku ya posho aliinama kwenye basani tangu asubuhi mpaka saa saba. Nikamhurumia. Nikavuka mpaka, nikafika Arua, nikanunua mashini ya kufula iliyokwisha kutumika. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, bei yake ndogo. Sikuuliza neno lingine.

Grupe yetu ya nyumbani ni ya wati 1,000. Tukawasha. Mashini ikazunguka vizuri dakika chache, kisha ikaanza kupasha maji moto. Papo hapo grupe ikakohoa, ikazimika. Nikageuza mashini, nikasoma nyuma yake: wati 2,000. Badala ya kukubali kosa, nikaazima grupe kubwa ya jirani. Kila kufula karibu saa mbili, mara mbili kwa juma. Mwezi ulipokwisha, bidoni ya lita 20 ya esanse ilikuwa tupu. Na binti yetu akarudishwa kutoka masomo kwa sababu hatukulipa. Bibi yangu akaniambia kwa upole, "Baba, mgongo umepona kidogo, lakini mtoto amekaa nyumbani. Faida yake ni nini?" Sikuwa na jibu.

Mnajua fundisho la Bwana katika Luka 14, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Nimehubiri neno lile mara nyingi. Siku ile ndipo liliponihubiri mimi.

Basi, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, mlaji mkubwa wa umeme ni kupasha maji, si kuzungusha nguo. Chuma cha moto cha wati 2,000 kikiwaka nusu saa kinakula kilowati-saa 1 nzima. Lakini mota ya wati 400 ikizunguka dakika 15 inakula sehemu moja tu ya kumi ya hiyo. Kwa hiyo chagua mashini inayokubali kufula kwa maji baridi. Nguo zenye matope ya mgodi uziloweke na sabuni usiku mzima. Asubuhi uchafu utatoka pasipo moto.

Pili, angalia maji yako. Mashini yenye mlango wa mbele inatumia maji kidogo kuliko ile ya zamani ya kufunguliwa juu, lakini inataka robine yenye nguvu. Wewe unayechota kwenye kisima, ile ya matangi mawili itakufaa zaidi: unaijaza kwa ndoo, tangi moja linafula, la pili linakamua. Nyingi za namna hii hazina chuma cha kupasha maji.

Tatu, soma karatasi na kibandiko. Kwa mashini za Ulaya, tangu mwaka 2021 herufi ni A mpaka G, na A ndiyo inakula kidogo. Zile za zamani zilikuwa na A+ mpaka A+++, usizilinganishe na hizi mpya. Kwenye kibandiko kipya kuna hesabu ya kilowati-saa kwa kufula mara 100. Tazama pia volti. Zetu ni 220. Ile ya Marekani ya 120 itaungua siku ya kwanza.

Nne, usifule mashati mawili peke yake. Ngoja nguo zienee, lakini usizisindilie. Kama una pano za jua, fula saa sita mchana, usingoje jioni kumaliza batri. Kukausha tumwachie jua, halina deni.

Tano, usisahau pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula kuliko kufula kwa maji baridi. Kung'uta nguo, uitandike vizuri kwenye kamba, na nyingi hazitahitaji pasi.

Ninyi wa Bunia mnaopata umeme wa Budana, hesabu ni ile ile. Mita haijui huyu ni pasta, huyu ni mchimbaji.

Mwisho wetu ulikuwaje? Niliuza mashini ile kwa hasara, binti akarudi masomoni. Miezi minane iliyofuata, mimi na vijana wangu tulichota maji na kukamua mablanketi. Wengine walicheka kuona pasta kwenye basani. Wacheke tu. Baadaye tukanunua ndogo ya matangi mawili, na grupe yetu ya zamani inaiweza.

Kijana, kama shimo limekupa zahabu na unataka kumfurahisha bibi yako, usikimbilie duka. Kaa naye chini, na karatasi na kalamu. Umuulize ni kazi gani inamchosha zaidi. Labda atakuambia ni njia ya kisima, si nguo. Mimi sikumuuliza wangu, na aliyelipa ni mtoto.

Tuonane mwezi ujao.

Pasta wenu, Aru