Meno ya bandia yapimwe, yatunzwe

Mzee anayeng'olewa meno Jinja au Mbale, Uganda, anastahili maelezo kamili kabla hajarudi nyumbani. Hospitali za rufaa za miji hii zimwambie: ufizi upone kwanza, kipimo cha meno ya bandia kichukuliwe kinywani mwake mwenyewe, na kwa kuwa taya husinyaa, meno hayo yatalegea baada ya miaka na kuhitaji kurekebishwa. Asikubali kabisa meno yanayogandishwa yasitoke na mtu asiye na mafunzo. Uchafu hujificha chini yake, ufizi ukavimba na meno jirani yakaoza. Anayeyagandisha hivyo azuiwe. Meno ya bandia yanayotoka yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni, yalazwe katika maji baridi, kwani ya moto huyapinda. Na mwenye meno hayo aukamue muwa wa Busoga, asiutafune.