Kabla ya Kulifasiri Zimwi, Tulisadiki Kwanza

Katika vyumba vyetu vya mihadhara kuna desturi iliyokita mizizi kiasi kwamba hatuioni tena. Zimwi linapojitokeza katika kazi ya fasihi, hupewa papo hapo jukumu la kuashiria kitu kingine. Zimwi ni ukoloni mamboleo. Jini ni ubepari. Mzuka wa babu ni dhamiri ya taifa. Mwanafunzi huandika hivyo katika mtihani, hupata alama zake, na zimwi husahauliwa. Makala haya yanadai kuwa desturi hiyo inatudhuru mara mbili: inatupunguzia uwezo wa kusoma fasihi ya maajabu, na inawavunja moyo waandishi chipukizi miongoni mwetu ambao wangependa kuitunga.

Ikumbukwe kuwa desturi hii haikuzuka bure. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka wa 1951, Tanganyika ilikuwa ingali chini ya Waingereza. Nchi ielekeayo kuwa ndoto, inayoelea angani na kumshtaki Karama kwa kufundisha elimu ya sheria, ilikuwa ngao ya mwandishi. Hapa Kenya, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza waziwazi taifa linaelekea wapi. Katama Mkangi, aliyetiwa kizuizini mwaka wa 1986, alichapisha Walenisi mwaka wa 1995, riwaya ya safari ya angani hadi nchi ambayo jina lake likigawanywa husomeka "wale ni sisi". Kwa waandishi hawa istiari ilikuwa pazia, na wahakiki waliolifunua walifanya kazi ya heshima. Lakini pazia si nyumba nzima.

Tuchukue ngano ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyiko wa ngano za Unguja ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka wa 1870. Paka wa Sultani anakula ndama, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila anaposhtakiwa Sultani hutetea kuwa paka ni wake na walioliwa ni wake pia. Paka huyo anakua hata anageuka nunda mla watu, na hatimaye anawala wana wa Sultani mwenyewe. Mwana mdogo ndiye anayekwenda kumsaka. Kila anaporudi na mnyama aliyemuua, kuanzia mbwa hadi ndovu, mama yake humwambia kuwa huyo siye.

Ni rahisi kusema kuwa nunda ni ufisadi, na huenda jibu hilo si kosa. Hata hivyo, anayelitoa mapema mno hupitwa na mengi. Hupitwa na hofu ya kumsaka adui ambaye hujawahi kumwona umbo lake. Hupitwa na swali la mama: amejuaje kuwa huyu siye? Hupitwa pia na sheria ya ulimwengu ule, yaani kwamba kinachosamehewa huongezeka ukubwa wa mwili. Ufisadi hauna kucha; nunda anazo. Msomaji asiyezihisi kucha hizo hawezi kutueleza kwa nini ngano hii ilisimuliwa usiku na si mchana barazani kwa wazee wa mahakama.

Wenzetu wa mbali wamewahi kupambana na suala hili. Mwaka wa 1936, J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa Oxford, alitoa mhadhara kuhusu Beowulf, utenzi wa kale wa Kiingereza. Aliwalaumu wahakiki walioufanya ghala la kuchimbia historia huku wakiyaonea haya mazimwi yake, ilhali mazimwi ndiyo kiini cha utungo. Mwaka wa 1970, Tzvetan Todorov naye alieleza kuwa fantasia hufifia pale maajabu yanaposomwa kama istiari tupu. Lakini kwani tunahitaji kusafiri hadi Ulaya? Jina la Kusadikika lenyewe ni wito: hii ni nchi inayoweza kusadikiwa. Na katika Adili na Nduguze (1952), Adili huwapiga kila usiku manyani wawili ambao kumbe ni ndugu zake, kwa amri itokayo ujinini, naye huwaonea uchungu. Anayeharakisha kuandika kuwa manyani ni ishara ya uovu, atauelezaje uchungu huo?

Hasara ya pili ni ya utunzi. Kwa kuwa tumefunzwa kuwa maajabu ni istiari, tumezoea kuyaweka katika nchi isiyo na ramani. Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila ni kazi kubwa, na zina sababu zake za kuielea dunia. Tatizo ni waigaji. Masimulizi ya jadi hayaogopi mahali. Fumo Liyongo, ambaye mwili wake haukudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, ana Pate yake, na wenyeji wa Kipini huonyesha kaburi lake. Luanda Magere, aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli, ana uwanda wake wa Kano.

Je, Nairobi haina chake? Wengi huuona mji huu kuwa mkavu: saruji, matatu na kodi ya nyumba. Lakini atazamaye kusini-magharibi kutoka katikati ya jiji asubuhi isiyo na ukungu huiona milima ya Ngong, ambayo husimuliwa kuwa ni alama za vidole vya jitu lililojikwaa na kushika udongo. Reli iliyofika hapa mwaka wa 1899, kisha ikapanda kuelekea Kikuyu na Limuru, husimuliwa kuwa ni nyoka wa chuma aliyekuwa ametabiriwa na waganga kabla hajaonekana. Na tusidhani mambo haya ni ya kale tu. Novemba 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa kandokando ya Waiyaki Way, mugumo mmoja wa Westlands, uliokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, ulipangiwa kuondolewa. Watu walipinga, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uhifadhiwe. Barabara ilifunguliwa mwaka wa 2022. Mugumo, mti ambao Wakikuyu waliuabudia Mungu chini yake, ulikuwa umeyashinda matingatinga. Ni mwandishi gani wa Kiswahili aliyetuandikia riwaya ya mti huo?

Wapo watakaosema kuwa masimulizi haya ni ya Wakikuyu na Wamaasai, si ya Kiswahili. Hoja hii ni nzito, na jibu lake si kunyakua. Tusimulie kwa heshima na tutaje tulikoyapata. Lakini Kiswahili kimekuwa mwenyeji wa hekaya za wageni tangu zamani. Majini ya Alfu Lela Ulela yalitua pwani na kupewa kiti. Mkazi wa Kangemi aliyetoka Kakamega na jirani yake aliyezaliwa Dagoretti wataogopeshana kwa lugha gani, kama si hii? Wengine watasema kuwa dini haziruhusu kusadiki mizuka. Kusadiki kwa msomaji si kuabudu. Ni adabu ya mgeni anayevua viatu mlangoni, kisha akatoka na imani yake ile ile.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, katika semina zetu, kabla ya swali la "zimwi linaashiria nini?", tuulize: linaishi wapi, linakula nini, linamwogopa nani, na nini hakiwezekani katika ulimwengu wake? Istiari ikija baada ya hapo, itakuja na nyama. Walimu wetu wakikubali kutunga swali moja tu la mtihani kwa namna hiyo, tutasoma vingine. Pili, chama chetu kitutume mitaani, Kawangware, Kangemi na Dagoretti, tukakusanye masimulizi ya mji huu kwa idhini ya wasimulizi na kwa majina yao wanapotaka yatajwe. Na jarida hili litenge kurasa za hadithi za maajabu zinazotaja barabara kwa jina.

Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mazimwi ya Nairobi bado hayatujui, kwa kuwa hatujawahi kuyabishia hodi.